Mtani Mwenye Mharita

Siku ya kwanza tuliyoonana aliniibia ndoo. Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia Bigwa, mimi na mume wangu, vyombo bado viko uani, nami nimeinama natafuta mwiko ndani ya gunia la masufuria. Akaingia mwanamke mfupi, mnene, kitenge amekifunga juu ya kifua. Hodi hakupiga.

"Mmetokea wapi nyie?"

"Shikamoo mama. Tumetokea Tabora."

"Tabora! Wanyamwezi hasa?"

"Hasa, mama."

Shikamoo yangu hakuiitikia. Alivitazama vyombo vyangu kama anachagua nyanya sokoni, akaiokota ndoo mpya yenye mfuniko, akajitwika. "Karibuni Bigwa. Mimi Mluguru," akasema. "Wapagazi wetu mmechelewa sana." Akaenda zake na ndoo yangu.

Mume wangu, mtu wa ofisi na taratibu, alitaka kumfuata. Nikamshika mkono. Mluguru na Mnyamwezi ni watani, na kwetu nililelewa nikijua kuwa mtani akichukua haombi ruhusa, na mwenye kukasirika ndiye aliyeshindwa. Dawa yake ni kwenda kwake ukachukue nawe. Basi jioni ile nikavuka njia, nikaingia uani kwake bila hodi. Kwenye ungo palianikwa matunda madogo yaliyokunjamana, rangi ya asali, yananata kidogo. Nikajua ni tende za huku kwao. Nikajaza kiganja, na kwa kuwa wizi wa utani hunoga ukiliwa palepale, nikatupia mawili mdomoni nikatafuna.

Uchungu ule siwezi kuusimulia. Nilipotema, likatoka povu. Nilipotema tena, povu likazidi. Nikakimbilia mtungi nisukutue, na hayo maji ndiyo yaliyoniharibia kabisa, maana povu lilifura likanishuka kidevuni hadi kwenye blauzi. Sauti ikatoka jikoni, imejaa kicheko: "Jamani wanawake, njooni muone! Mnyamwezi anajifua kuanzia ndani!"

Hivyo ndivyo nilivyoufahamu mharita, mti ambao tunda lake, harita, ni sabuni, na ndivyo nilivyompata mtani. Jina lake nalijua na nusu ya Bigwa wanalijua, lakini sikuwahi kulitumia na leo sianzi. Mimi nilimwita Mtani, yeye akaniita Mpagazi, maana Wanyamwezi wa zamani ndio waliobeba mizigo ya misafara.

Mti wenyewe ulikuwa nyuma ya jiko lake, mrefu kupita paa, na msimu wa kuangusha ulipofika matunda yaligonga mabati mchana kutwa. Ukimuuliza mbegu ilitoka wapi, ulipata jibu la siku hiyo. Kuna siku niliambiwa ililetwa na sonara wa mjini aliyekuwa anasafishia mikufu. Siku nyingine ilitoka kwa masista. Mara ya tatu ilitapikwa na kunguru aliyekula asichokijua, akaongeza, "kama Mnyamwezi mmoja hivi." Nilipomwambia kwamba visa vyake vinapingana, alinihurumia. "Kisa kimoja kikizoeleka kinakufa," akasema. "Mimi nafuga vitatu."

Lakini kazi ya harita hakuifanyia mzaha. Aliziokota asubuhi kabla ya umande kukauka, akazianika, akazipasua kwa jiwe na kutoa kokwa, yale maganda akayaloweka au kuyachemsha. Maji yake ukiyapiga kwa mkono yanatoa povu laini lisilo na harufu yoyote. Kwa maji hayo alifua vitenge ambavyo rangi yake ilidumu kuliko ndoa za wenyewe. Alifua masweta ya ndugu zake wa Mgeta, kule juu kwenye baridi, na wao wakamrudishia kabichi na karoti kwenye malori yanayoshuka. Hizo kabichi nazo zilikuwa zimenyunyiziwa maji yaleyale kuua vidukari. Alitibu chawa wa watoto wa mtaa mzima, akang'arisha hereni za fedha, akaosha na mbwa wa jirani ambaye hakuomba.

Masizi ya sufuria ndiyo yaliyomshinda. Harita haikati masizi yenye mafuta yaliyogandia, kila mtu aliliona hilo, ila yeye hakukubali mpaka kesho. "Sufuria hiyo ina roho mbaya," alisema, akaigeuza upande wa pili tusiione.

Kokwa hakuzitupa. Ni nyeusi, ngumu, za mviringo, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Alizitoboa akatunga rozari za jumuiya yake, maana alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, na kwa uzi uleule akatunga tasbihi za sisi Waislamu. Zilizobaki zilikuwa kete za bao. Mzee mmoja wa msikitini aliwahi kumuuliza kama ni halali tasbihi na rozari kutoka mti mmoja. Mtani akamjibu kwa adabu zote, magoti ameyakunja: "Baba, mti haujabatizwa wala haujasilimu. Wewe hesabu tu." Mzee aliichukua. Nami yangu ninayo hadi leo.

Sasa nieleze kwa nini baadhi ya wanaume wa Bigwa waliuchukia mti ule. Mtani alikuwa na nadharia yake. Sabuni ya dukani, alisema, inanukia, na kitu kinachonukia kinaficha vingine. Harita haina harufu. Kwa hiyo mke akifua shati la mumewe kwa harita, shati linaondoka asubuhi likiwa halinukii chochote. Likirudi jioni linanukia, basi kilichonukia kimepatikana njiani. Aliwafundisha wanawake somo hili pale kisimani, mikono ndani ya povu, uso mkavu kabisa. Haukupita muda, mwanamume mmoja mwenye heshima zake akaja na panga kulalamika kwamba majani ya mharita yanaziba mfereji, afadhali ukatwe.

"Mfereji upi, mwanangu?" Mtani akamuuliza.

"Ule wa kwangu, mama."

"Wa kwako uko upande wa juu. Majani ya mti wangu yanapanda mlima?"

Bwana akalishusha panga. Mtani akaisogelea kola ya shati lake, akavuta pumzi ndefu, akashusha. "Nenda nyumbani salama," akamwambia. Yule bwana alipitia njia nyingine kwa muda mrefu sana.

Mimi nilikuwa na saluni ndogo kando ya barabara iendayo mjini, na Mtani aliifanya baraza yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, hasukwi wala haoshwi, akiwaeleza wateja wangu kuwa shampuu ninayowapaka inanukia vizuri kama mwongo. Wengine walimsikiliza wakataka harita. Nikawapaka harita. Inafaa kweli, nywele hazikatiki na ngozi haiwashi, ila ikiingia machoni utamwita mama yako. Mteja wangu mmoja, mke wa mhadhiri, alipiga kelele mpaka bodaboda wakaja kuamua ugomvi.

Nililipiza. Nilikwenda kwake wakati yuko misani, nikaimwaga harita iliyokuwa kwenye chupa yake, nikajaza shampuu yangu ya bei mbaya, ile ya nazi. Wiki ile alikuwa na wageni, akina mama wa jumuiya, akawaonyesha povu. Lilivyofura! Akawanusisha. "Msimu huu mti umejitahidi," akasema, amevimba kwa fahari. "Hebu nusa, mama, kama nazi." Nikaingia hapo nikiwa na kopo tupu la shampuu mkononi, nikaliweka katikati ya mkeka. Wale mama waliangua kicheko mpaka wengine wakalala chini. Mtani aliitazama ile chupa yake, akalitazama kopo, wala hakupepesa. "Mmeona wenyewe," akasema. "Hata shampuu ya Mpagazi ikilala kwenye chupa yangu siku mbili, inapata akili."

Sasa mtu huyu, mlinzi wa harita, adui wa vitu vya dukani, alikuwa na wigi. Wigi la mawimbi, jeusi tii, alilivaa Jumapili na kwenye harusi, na kila mwezi alilileta saluni kwangu ndani ya mfuko wa rambo nilioshe. Kwa shampuu. Nilimuuliza haoni haya. "Nywele za Mungu kwa sabuni ya Mungu," akasema, "na za duka kwa ya duka. Usinichanganyie mambo." Alikuwa hivyo. Alimkemea kila aliyekunywa pombe, na togwa lake likikaa siku ya tatu likachacha alilinywa mwenyewe, akisema haliwezi kutupwa. Aliiba ndoo, mwiko, kuku, hata mlango wa banda langu aliwahi kuuchukua, lakini mtu asiye mtani akisahau kanga kwake, aliitembeza nyumba kwa nyumba mpaka apatikane mwenyewe.

Nami nilimsema Uluguru wake mpaka nikachoka. Nilimwambia kwao kwenye miteremko mtu akidondosha jembe shambani leo, linaokotwa kesho mjini. Alifurahi sana kwa hilo, akalirudia kwa ndugu zake wa Mgeta kama lake.

Mume wangu alifariki ghafla, mwezi wa mvua. Sitaeleza sana. Nilikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, nikawa sisikii wala sioni, na machozi yalikuwa yamenikatalia kabisa. Watu wa huku wanajua kazi ya mtani msibani: anamwigiza marehemu, anamsema, hata kulala njiani analala, jeneza lisipite mpaka wafiwa wamtolee kitu. Lakini mimi nilikuwa nimesahau kama nina mtani. Nikasikia taa ya sebuleni inazimwa. Kisha ya chumbani. Kisha ya ukumbini. Akatokea Mtani, amevaa koti la mume wangu na miwani yake, amekunja uso vilevile, anatembea mikono nyuma.

"Nani kawasha taa mchana huu?" akanguruma. "Umeme huu mnaulipia nyie? Watu wote hawa mnakula kwangu, mmeandika majina?"

Alikuwa yeye. Wallahi, alikuwa mume wangu mwenyewe, anayezima taa kila anapopita. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mjane kwenye mkeka, na kicheko kile ndicho kilichofungua machozi, nikalia mpaka nikapata nafuu. Nilimpenda mwanamke yule kuanzia hapo kwa namna ambayo siwezi kuirudisha nyuma.

Arobaini ilipopita alikuja kuchukua nguo za marehemu azifue kabla hazijagawiwa. Alizifua zote kwa harita. "Ziende hazina harufu ya mtu," akasema, "anayezipokea aanze upya." Nilikaa ndani, sikutaka kuona. Jioni alizileta zimekunjwa, akaziweka kitandani, halafu akatoa shati moja chini ya kitenge chake, limekunjamana, halijaguswa na maji. Akanitupia mapajani. "Hili lilinikimbia," akasema, akaondoka haraka.

Alinifunza sheria moja siku hizo. Mtani halii mbele ya maiti. Ukilia, umehamia upande wa wafiwa, na marehemu anabaki hana wa kumtania, anakwenda kaburini mpweke. "Zamu yangu ikifika, Mpagazi," alisema, "ole wako ulie. Nitakaa kitako humo ndani ya jeneza nikuzabe kofi." Tulicheka. Nilicheka huku nikijua kwamba kazi ile siiwezi. Mimi si kama yeye. Yeye alibana machozi kama anavyokamua nguo. Mimi yananitoka hata kwenye harusi za watu nisiowajua.

Halafu akaugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa hawezi tena kuokota harita zake. Binti yake wa kwanza, anayeishi Dar, akaja. Ni mtu mwema, ameokoka, ana sauti ya upole. Alimtafutia mama yake daktari, akaamua kumhamishia kwake moja kwa moja. Mtani hakubisha. Alibisha kwa jambo lingine.

"Nikifa huko, Mpagazi aitwe," akasema. "Ana kazi yake."

Binti akaniangalia, akamwangalia mama yake. "Mama, hapana. Nawe mama mdogo, nisamehe. Msiba wa shangazi, yule mtani aliyecheza mbele ya jeneza, watu walimrekodi kwa simu. Mpaka leo bado wanatumiana. Watu ambao hawakumjua shangazi wanamcheka. Mama yangu atazikwa kwa ibada na heshima."

Sikuweza kumlaumu. Ile video hata mimi nilitumiwa. Lakini nilimwona Mtani akigeuza uso ukutani, na katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akigeuza uso. Mwanamke aliyemtania kila maiti wa Bigwa alikuwa anaambiwa atakwenda yeye bila wa kumtania.

Asubuhi ya safari simu yangu ikalia. "Njoo unioshe kichwa," akasema, akakata.

Nilimkuta uani, amekalishwa kwenye kiti, taulo mabegani, beseni la maji ya harita limeshachemshwa na kupozwa. Binti alikuwa ndani anafunga mizigo. Nikaanza kumsugua, taratibu, nywele zake nyeupe, laini kama za mtoto. Alikuwa amefumba macho.

"Anza," akasema.

"Nianze nini?"

"Maiti haulizwi maswali."

Mikono yangu ikasimama ndani ya povu. Kisha nikaelewa, nikakohoa, nikainua sauti. "Ndugu waombolezaji, marehemu mnayemwona hapa hajawahi kunyamaza muda mrefu hivi. Kwa hiyo msiwe na shaka, amekufa kweli." Midomo yake ikatetemeka, akaibana. "Huyu alikuwa mnene, ila ukimuuliza alisema ni mafundo ya kitenge. Amekula mboga za Mgeta mpaka malori yakawa yanampigia honi. Mwambieni Mtakatifu Petro afiche funguo, maana huyu haingii mahali akatoka mikono mitupu. Na huko peponi..."

Nilimtazama ile shingo yake nyembamba, mishipa imetoka, na machozi yakanidondoka moja kwa moja kichwani pake.

"Povu limeniingia machoni," nikasema.

"Povu liko kichwani kwangu, Mpagazi," akajibu maiti, macho yamefumbwa. "Rudia."

Nikarudia. Safari hii nilimaliza. Nilimsema mpaka nikapata vya kuongeza, nikamsuuza kwa maji safi, nikamkausha, na alipofumbua macho aliniangalia, akaitikia kwa kichwa mara moja kama mwalimu anayetoa alama ya kutosha, si zaidi.

Gari lilikuwa limeshafika. Tulimbeba, tukamlaza kiti cha nyuma kwenye mito. Binti akapanda mbele, dereva akawasha. Nami nikatembea hadi pale uzio unapokutana na njia, nikajifunga kanga kiunoni, nikalala chali mbele ya matairi.

"Mama mdogo!" Binti alishuka mbio. "Umeanguka?"

"Jeneza halipiti bure," nikasema nikitazama mawingu.

"Jeneza gani? Mama yuko hai! Tunachelewa daktari."

Akarudi kwenye gari amshitakie mama yake, akafungua mlango wa nyuma. Nilivyohadithiwa baadaye, Mtani alikuwa amejilaza mikono kifuani, kinywa wazi, amejifunika kanga mpaka kidevuni.

"Mama. Mama, acha hivyo." Akamtikisa bega. "Mama!" Dereva akazima injini, akavua kofia. Binti akainama, sikio karibu na kinywa cha mama yake. Kisha nikamsikia akisema, polepole, "Unacheka. Mama, nakuona, unacheka."

Maiti hakukiri.

Yule binti alikuja akakaa chini kando yangu, palepale kwenye vumbi, na sketi yake ya safari. Sijui kama alikuwa analia au anacheka. Nadhani alianza na kimoja akamalizia na kingine. Hapakuwa na watu, hapakuwa na simu iliyonyanyuliwa, tulikuwa sisi tu. Mwishowe akavua kiatu kimoja, cheusi, cha kisigino, akanyoosha mkono akaniwekea kifuani.

"Haya," akasema. "Wafiwa tumetoa. Mpishe mama yangu."

Sauti ikatoka ndani ya gari, dhaifu, imeshiba raha: "Mpe na cha pili. Mguu mmoja atavalia wapi?"

Akanipa na cha pili. Nikanyanyuka, nikajipangusa, nikasogea pembeni. Gari liliponipita Mtani alishusha kioo kidogo. "Mimi nimeshazikwa," akaniambia. "Huko mbele waimbe wanavyotaka."

Nilisimama njiani na viatu vya mtu mwingine, vidogo, visivyonienea, uso mkavu kabisa, nikiwapungia mkono. Gari lilipokata kona, nikaketi chini nikalia, maana maiti alikuwa ameshapita.